Wengi Wape, Wachache Je?

"Wengi wape" ni methali ya kufungia kikao. Ikishatamkwa, watu husimama, hukung'uta nguo, hutafuta viatu. Anayebaki mkekani ni yule ambaye idadi ya watu wake haikutosha. Makala haya yanamhusu yeye.

Nimeyaandika kwa sauti tatu kwa kuwa kila nikijaribu kuyasema kwa kinywa kimoja namdhulumu mtu. Wasemaji nimewabuni. Sheria, hukumu na miaka wanayoitaja si ya kubuni. Tuko uani kwa Shangazi, Mombasa, baada ya Alasiri. Shangazi ni mjane Mwislamu aliyelea watoto wanne. Wakili ni binti wa Kinubi, mzaliwa wa Kibera. Mwalimu ni Mmakonde wa Newala, mstaafu, aliyevuka mpaka kuja kuhani msiba wa jamaa zake wa Kwale, na msiba huo ndio ulioanzisha maneno.

MWALIMU: Jana tulikwenda kuandikisha kifo. Wakataka kitambulisho cha marehemu ili kirudishwe serikalini. Kumbe alikuwa nacho kwa miaka minane tu, mtu wa miaka sabini na ushei! Babu yake na babu yangu ni tumbo moja, wote walitoka Msumbiji. Mmoja alivuka Ruvuma akaishia Newala, mwingine akafuata kazi ya mkonge mpaka huku. Mimi kabila langu halikunizuia kusoma, kuajiriwa wala kupiga kura. Yeye alizaliwa Kwale, akachonga vinyago na kulima Kwale, na karibu umri wake wote hakuweza hata kufungua akaunti ya benki. Kosa lake lilikuwa nini?

WAKILI: Kosa lake ni kwamba hakuwa kwenye orodha, Mwalimu. Kijana wa Kenya akifika miaka 18 huenda kuomba kitambulisho, na fomu humuuliza kabila. Kama kabila lake afisa halijui, kijana huyo ni mgeni mpaka athibitishe vinginevyo. Sisi Wanubi tunayajua hayo. Babu zetu waliletwa na Waingereza wakiwa askari wa KAR, jeshi lao la kikoloni, wakapewa Kibera. Hata hivyo, mimi nilipigwa msasa na kamati ya wazee na maafisa, nikaambiwa nilete cheti cha nyanya. Wenzangu wa darasa moja walichukua vitambulisho vyao wakaenda zao. Mwezi Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto ilisema wazi kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi, maana walikuwa wakizaliwa na kukua bila kuwa na uhakika wa uraia wao.

SHANGAZI: Na hawa Wamakonde walipataje?

WAKILI: Kwa miguu, Shangazi. Oktoba 2016 walitoka Kwale wakatembea kuelekea Nairobi, hadi Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe. Februari 2017 wakapewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43. Julai mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Kiasia wakatangazwa kuwa la 44. Washona, ambao wazazi wao walikuja kutoka Zimbabwe wakihubiri dini, walipata uraia 2021. Wapemba wavuvi wa Kilifi na Kwale, 2023.

MWALIMU: La 43, la 44! Binti yangu, husikii? Mnawahesabu watu kwa namba za makabila, halafu mnashangaa uchaguzi ukigeuka vita. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 mlizika zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao, kwa sababu ya jina la ukoo tu. Kwetu sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Tangu hapo, hakuna takwimu. Mwanasiasa akitaka kujua Wamakonde ni wangapi, hana pa kuwahesabia.

Hoja ya Mwalimu isipuuzwe. Jirani zetu wengi huizungumzia Tanzania kana kwamba amani yake iliota yenyewe. Ilipandwa. Machifu waliondolewa madaraka yao kisheria 1963. Kiswahili kikafanywa lugha ya shule ya msingi na ya ofisi. Wanafunzi wa sekondari walitumwa mbali na kwao. Mtoto wa Mtwara akalala bweni moja na mtoto wa Mara na mtoto wa Kigoma, wakagawana sabuni na maharage. Walimu, mabwana shamba na maafisa walihamishwa mkoa hadi mkoa. Mwalimu wetu huyu alifundisha Bukoba miaka kumi na minne. Watu walioana. Watani walitaniana misibani. Yote hayo ni kazi ya mikono, iligharimu fedha na nidhamu, na imeokoa maisha. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa na Waafrika katika karne iliyopita.

Lakini Wakili hakuwa amemaliza.

WAKILI: Mzee wangu, nisamehe nikikuuliza kwa ukali. Hanang kwenu unapajua?

MWALIMU: Napajua.

WAKILI: Basi unawajua Wabarabaig. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, yalimeza malisho yao ya Basotu, mabonde waliyoyategemea ng'ombe wao kiangazi, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Walipokwenda mahakamani, Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikawaambia hawakuthibitisha haki yao juu ya ardhi ile. Hapo hakuna aliyechochea ukabila. Ilisemwa tu kwamba ngano ni ya taifa. Taifa ni nani, Mwalimu? Mbarabaig hakuwemo?

MWALIMU: Hilo lilikuwa kosa.

WAKILI: Na Wamasai walioambiwa mwishoni mwa miaka ya sitini waache lubega na kujipaka mafuta mekundu, wavae suruali, ndipo wapande basi na kuingia mjini? Na mtu wa Kigoma leo, akiomba kitambulisho cha taifa, haulizwi kama si Mrundi? Na Loliondo Juni 2022, vigingi vya hifadhi vilipopigwa kwenye kilomita za mraba 1,500 wananchi wakiwa hapohapo?

Mwalimu hakujibu upesi. Alisogeza kikombe, akaangalia mkono wake. Nimemwandikia kimya hicho kwa makusudi. Kutohesabu makabila kunawanyima wachochezi silaha, ndiyo, lakini pia kunawanyima wachache ushahidi. Wahadzabe hawazidi elfu chache. Kama serikali haina neno la kuwaitia katika sheria zake, watadai ardhi yao kama nani? Jibu lilipatikana kwa njia ya pembeni: mwaka 2011 walipata hati za kimila za pamoja kwa takriban hekta 20,000 za bonde la Yaeda, kupitia sheria ya ardhi ya vijiji. Sheria haikuwaita kabila. Iliwaita wanakijiji. Napenda busara ya njia hiyo, ingawa naona udhaifu wake: inamfaa aliye na kijiji. Mfugaji anayehama na mvua hukutwa kila kijiji akiwa mgeni.

MWALIMU: Sawa. Nakubali tulikosea mahali. Sasa na wewe nijibu. Katiba yenu ya 2010 ina kila kitu. Ina kifungu cha makundi madogo na yaliyotengwa, cha utamaduni, cha lugha, cha ardhi ya jamii. Ogiek wamepata nini?

WAKILI: Wamepata hukumu. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika, hapo kwenu Arusha, ilisema kwamba Kenya ilivunja haki zao ilipowatoa msitu wa Mau. Serikali ilijitetea kuwa inalinda mazingira. Mahakama ikajibu kwamba hawa si walioharibu msitu. Juni 23, 2022 ikaamuru fidia, shilingi milioni 57.85 kwa mali na milioni 100 kwa madhara ya moyo, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao.

MWALIMU: Na hati?

WAKILI: Mwalimu, umeshajua jibu.

MWALIMU: Na Kibera?

WAKILI: Mwingereza aliitenga 1918, zaidi ya ekari 4,000. Mwaka 2017 tulipewa hati ya ekari 288. Tulipiga vigelegele siku ile, mimi nilikuwepo, nililia. Nyanya yangu aliuliza zilizobaki ziko wapi.

Hapa ndipo ninapoutofautisha utambuzi na haki. Serikali nyingi zimegundua kwamba jina ni rahisi kutoa. Unaitisha hafla, unaalika ngoma, rais anavaa kofia ya kienyeji, kabila linaongezwa kwenye orodha, na hakuna tajiri yeyote aliyepoteza hata pembe ya shamba. Ardhi ni kitu kingine. Ardhi ina mwenyewe mpya tayari, mara nyingi mwenye jina kubwa. Kwa hiyo sherehe za tamaduni nyingi huwa na vinyago, mavazi na vyakula, na hazizungumzii mipaka ya mashamba. Simdharau Mmakonde aliyecheza sindimba siku ya kupokea kitambulisho. Kitambulisho kile kilikuwa daftari la hospitali, laini ya simu, leseni, kura. Ninachosema ni kwamba serikali iliyotoa karatasi hiyo imelipa sehemu ndogo ya deni, na isishangiliwe kana kwamba imelimaliza.

Muda wote huu Shangazi alikuwa akikaanga mahamri, huku akisikiliza. Alipokuja kuketi, alileta jambo ambalo wawili wale wangeweza kulikwepa hadi Magharibi.

SHANGAZI: Nyinyi mnaongea kana kwamba jamii ni mtu mmoja. Serikali huku, jamii kule. Mimi niko ndani ya jamii. Mume wangu alipofariki, mashemeji walizichukua karatasi za nyumba kabla arobaini haijafika. Nikaenda kwa kadhi. Sikulipa pesa za kunifilisi, sikuhitaji mkalimani, nikasikilizwa kwa lugha yangu. Kadhi akanipa thumni yangu na watoto mafungu yao, na karatasi zikarudi. Mahakama ile ni ya wachache, na ilinisimamia. Kwa hivyo mtu asije hapa akaniambia kwamba mila na dini ni adui wa mwanamke.

WAKILI: Hakuna anayesema hivyo, Shangazi. Mwambao wenyewe uliingia Kenya 1963 kwa sharti hilo, kwamba makadhi watabaki. Na Katiba imelinda: Kifungu cha 170 kinawapa makadhi ndoa, talaka na mirathi, na Kifungu cha 24 kinaruhusu usawa upunguzwe kwa ajili hiyo, kwa kiasi kile tu kinacholazimu.

SHANGAZI: Nakijua. Na kinasema pia kwamba pande zote ziwe Waislamu na zikubali kwenda huko. Zikubali! Mwanangu, mjane anayelala chumba cha nyuma kwa shemeji yake, amekalia mkeka wa shemeji na kula sahani ya shemeji, atasema sikubali kwa mdomo gani? Mimi nilikuwa na kaka zangu nyuma yangu. Asiye na kaka je?

Swali hilo ndilo moyo wa mjadala mzima, na nimekaa nalo muda mrefu. Mwanafalsafa wa Canada, Will Kymlicka, katika kitabu chake cha 1995, alitenganisha mambo mawili. Jamii ndogo kujikinga na nguvu za jamii kubwa ni halali: ardhi, lugha, viti bungeni. Jamii hiyohiyo kuwabana watu wake wenyewe wasihoji wala kutoka, si halali. Mgawanyo huu ni safi kwenye karatasi. Uani kwa Shangazi unachafuka, kwa sababu ukuta uleule unaomzuia mgeni nje ndio unaomzuia mjane ndani. Ukiubomoa, dhoruba inamkuta yeye wa kwanza. Ukiuacha bila mlango, umemfungia na shemeji.

MWALIMU: Nilipokuwa Bukoba niliona mlango ukifunguliwa. Mama mmoja wa Kihaya alirithi shamba la baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mila ilisema mwanamke atalima na kula, ila kuuza ni kwa mwanamume. Ukoo ukashitaki. Kesi ya Ephraim na Pastory ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizotiwa ndani ya Katiba 1984, na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Bukoba nzima ilizungumza. Wazee walisema ukoo umekufa. Ukoo haukufa, Shangazi. Nimekwenda harusini kwao mwaka jana, Wahaya wapo tele.

SHANGAZI: Jaji alikuwa wa serikali.

MWALIMU: Ndiyo. Wa taifa. Ndiyo maana natetea taifa.

SHANGAZI: Kosa la kuuza, nani aliliona kuwa si kosa kwanza? Mama huyo mwenyewe, Mhaya. Mila ilianza kubadilika mkononi mwake kabla jaji hajashika kalamu.

Nimefurahi kumwachia Shangazi neno hilo. Ukeketaji unatufundisha vivyo hivyo. Kenya ilipitisha sheria kali 2011, na Machi 17, 2021 Mahakama Kuu ikaikataa hoja ya daktari aliyedai kwamba mwanamke mzima anayo haki ya kuchagua mila hiyo. Mahakama ilitazama namna uchaguzi huo unavyofanyika, chini ya macho ya mama mkwe na kejeli za rika. Tanzania nayo, sheria yake ya 1998 inawalinda walio chini ya miaka 18 tu, na mwanamke wa miaka 19 ameachwa mikononi mwa familia yake. Naamini Tanzania inapaswa kuirekebisha. Hata hivyo, penye sheria bila binti mwenyewe, bila mama aliyekataa na bila ngariba aliyeweka wembe chini, kazi huhamia usiku, au huvushwa mpaka.

WAKILI: Shangazi, nikuulize lililo zito. Juni 30, 2025 Mahakama ya Upeo ya Kenya iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo, maana kuwanyima ni ubaguzi na hakuingii katika kile kiasi kinacholazimu. Umelipokeaje?

Shangazi alinyamaza. Mwalimu alitaka kusema kitu, Wakili akamzuia kwa jicho.

SHANGAZI: Limeniuma. Nikwambie kweli. Dini yangu sitaisoma kutoka kwenye hukumu ya watu ambao wengi wao hawaiamini. Ikiwa mahakama ya wengi inaweza kutuingilia kwenye mirathi leo, kesho itaingia wapi? Hilo ndilo mimi naogopa, na mwanangu usiniambie kwamba ni woga wa ujinga.

WAKILI: Sisemi.

SHANGAZI: Na la pili nalo nitalisema. Wale watoto hawakuchagua kuzaliwa hivyo. Baba aliwalea, aliwalisha, aliwapeleka shule, akafa. Sheria ina wasia. Ina zawadi ya uhai. Wanaume wetu hawakuandika. Tungewabana wanaume wetu waandike, jaji angekuja kutafuta nini?

Wasomaji wengine watasema jibu hilo linakwepa, kwa kuwa haki ya mtoto imetegemezwa kwenye wema wa baba. Nami nasimama na mahakama: mtoto asilipe deni ambalo hakulikopa. Lakini sitaki kuipita hofu ya Shangazi haraka, kwa sababu hofu hiyo ina historia. Jamii kubwa mara nyingi hugundua haki za wanawake na watoto wa jamii ndogo siku ileile inapoitaka ardhi yao. Serikali isiyowahi kumjengea msichana wa mfugaji shule wala zahanati, ikija na bunduki kumwokoa na mila yake, itaaminiwa vipi? Nguvu ya kuingia ndani ya jamii na kumtetea mnyonge wake hununuliwa kwa kuiheshimu jamii hiyo kwanza. Atakayewapa Ogiek hati yao ndiye atakayesikilizwa akisema na mabinti wa Kiogiek wawemo kwenye hati hiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwalimu ana haki kuhusu kura: siasa za kuhesabu makabila ni sumu, na Kenya ingefanya vyema kuondoa kabila kwenye njia ya kupata uraia, mtoto wa Kwale aitwe Mkenya kwa kuzaliwa na kukaa, bila kusubiri kabila lake lipewe namba. Wakili ana haki kuhusu ardhi: umoja usiokuwa na neno la kumwita Mbarabaig au Mhadzabe huwa ni umoja wa wenye trekta. Shangazi ana haki kuhusu mlango, na mimi naliweka lake juu ya yote. Jamii ndogo inastahili mahakama zake, lugha zake, misitu yake na wazee wake, kwa sharti kwamba mtu wake aliye dhaifu kabisa anaweza kusema "sikubali" na asubuhi yake akaamka na pa kulala. Sharti hilo linahitaji wakili wa bure, nyumba salama, hati yenye jina la mke, na hakimu anayefikika kwa nauli ya mtu maskini. Ni gharama za bajeti. Mbunge wako ana kura ya kuzipitisha. Muulize.

Na ukimuuliza hilo, muulize pia la Mau. Hukumu ya fidia ilisomwa Arusha Juni 2022. Novemba 2023, mvua zikinyesha, askari wa misitu waliingia Sasimwani, kaunti ya Narok, wakazibomoa nyumba za Ogiek.